Ukurasa Uliopigwa Pasi

Namegabe alikuwa msafi. Tuliseme hilo mapema, kwa sababu hata wasiompenda hawakuthubutu kumnyima sifa hiyo. Goma ina vumbi jeusi lisilochoka: unalifagia asubuhi, mchana limekalia viti vyako tena kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini kwa Namegabe, kule Mabanga, mapazia yalikuwa meupe mwaka mzima, vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, na mtu aliyefika na viatu alijua bila kuambiwa kwamba viatu hubaki nje. Watoto wa jirani walimwita Mama Sabuni, ila walihakikisha kwanza wako mbali.

Alizaliwa upande wa Bukavu, akasomeshwa na masista waliomfundisha kushona, kuchora ramani na kukagua kucha za wenzake. Akaolewa na Fortunat, karani mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti hata mbele ya mbwa, wakahamia Goma, wakazaa, wakalea, watoto wakaondoka mmoja mmoja. Kwa miaka mingi alikuwa na duka dogo la vifaa vya shule: madaftari, gundi, karatasi za rangi, fotokopi. Duka lilikufa kama maduka mengine yalivyokufa mjini humo, polepole na bila mazishi. Umeme ukawa wa kubahatisha, wateja wakapungua, na siku moja akafunga mlango akajua hataufungua tena. Alibaki na mafungu ya karatasi chini ya kitanda na mikono isiyojua kukaa bure.

Aliyemtoa ndani ni Exaucée, fundi cherehani kijana wa mtaa wa pili. Exaucée alikuwa na wazimu wake. Wauza karanga wa sokoni huwa wananunua vitabu vikuukuu kwa kilo ili wachane kurasa na kufungia karanga. Yeye alikuwa akipita kwao mapema, anachambua lundo, anaviokoa vile vinene vyenye mgongo imara, kisha anavileta nyumbani ambako wanawake kadhaa wa mtaa hukutana Jumamosi na kuvigeuza. Walipaka rangi juu ya maandishi, walibandika vipande vya vitenge na lebo za chupa za bia, walishona kurasa kwa uzi, walikata madirisha katikati ya sura, walinyunyiza mchanga mweusi uliochekechwa vizuri. Magome makavu ya mgomba yalitoa maua, na uji mzito wa unga wa muhogo ulikuwa gundi. Kitabu kilichoingia kikieleza kilimo cha pamba kilitoka kikiwa harusi, soko au ziwa.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa wote. Kilizunguka nyumba kwa nyumba: unakaa nacho wiki, unatengeneza karatasi yako moja, mbele na nyuma, halafu unampelekea anayefuata. Ukipenda kuongeza kitu kidogo kwenye kazi ya aliyekutangulia, ongeza, kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mboga ya mwenzake. Kufuta, hapana. Na humuulizi mtu ukurasa wake una maana gani. Siku ya kuonyesha kitabu mbele ya watu, mwenye ukurasa hukaa kimya, na anayesimama kuueleza ni yule aliyekipokea kitabu kutoka mikononi mwake.

“Kila mutu anajua kusifu mboga yake,” Exaucée alikuwa akisema. “Sisi tunataka kusikia mwenye alikula.”

Namegabe aliupenda utaratibu huo kwa sababu alikuwa akieleza vizuri kuliko wote, na alilijua hilo.

Jolie alijiunga nao wakati kitabu cha mwaka ule kilikuwa tayari njiani. Kilikuwa kitabu cha jiografia cha Kifaransa kilichokosa jalada. Jolie alikuwa mama kijana wa milima ya Masisi, wa familia ya wafugaji. Alishuka na mama mkwe wake na watoto, wakaishi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya chini ya turubai, na kambi zilipovunjwa wakapanga chumba kimoja cha mbao huko huko Mabanga. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono myepesi. Namegabe alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwuliza habari za watoto. Jolie alipoondoka, Namegabe alikipangusa kile kiti. Angekipangusa kiti cha mtu yeyote, alijiambia, na hakuna aliyekuwepo wa kumbishia.

Katika mzunguko, Jolie alitangulia na Namegabe alifuata. Zamu ilipofika, Jolie alileta kitabu siku ya mvua, kimefungwa ndani ya kipande cha turubai, akakikabidhi mlangoni akaondoka, maana miguu yake ilikuwa na tope na yeye aliona mkeka. Namegabe alikiweka mezani, akakifungua, na pua yake ikawa ya kwanza kujua. Kilikuwa kinanuka mafuta.

Karatasi ya Jolie ilikuwa na kilima kilichochorwa kwa wino, na nyumba, na mlango mtupu. Hakukuwa na mtu. Na kutoka juu mpaka chini, karatasi nzima ilikuwa imelowa mafuta, imegeuka manjano, inateleza kidoleni. Nyuma yake kulikuwa na vijitu vimechorwa huku na huko, vingine vimekaa pembeni kabisa, kama mchezo wa mtoto aliyeachiwa kalamu.

“Yesu wangu,” alisema Namegabe. “Wamekulia mandazi juu ya kitabu.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alimwonea huruma, na huruma ya Namegabe ilikuwa kitu cha kuogopwa. Alimwona Jolie katika kile chumba cha mbao, watoto wanamshika kila upande na vidole vyao, bakuli limekaa juu ya jiografia. Aliwaza siku ya maonyesho, paroko amekaa mbele, wageni wamekaa mbele, na doa lile linafunguliwa mbele yao. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, aliwaza, na akajipa kazi ya kuosha.

Gundi ya muhogo haishiki kwenye mafuta, na yeye alijua. Basi alitia makaa kwenye pasi, akalaza magazeti juu na chini ya karatasi, akapiga pasi polepole kama alivyofundishwa na masista kutoa nta ya mshumaa kwenye kitambaa cha altare. Magazeti yalikunywa mafuta. Alibadilisha magazeti, akapiga tena, akabadilisha, akapiga, mpaka ikakauka ikawa kama karatasi kuukuu ya kawaida. Kisha akachemsha uji, akabandika karatasi nyeupe nzito upande wa mbele na nyingine upande wa nyuma. Juu yake alitengeneza ziwa la vipande vya buluu na ukingo wa maua ya magome ya mgomba. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na katika karatasi yake mwenyewe iliyofuata hakuweka hata nusu ya bidii hiyo.

Jumamosi, kwa Exaucée, kitabu kilipofunguliwa wanawake walishangilia. Jolie alikipokea, akaitazama karatasi yake, akainuka na kitabu mpaka dirishani, akaiinua karatasi kwenye mwanga. Akakirudisha kitabu mezani, akakaa.

Namegabe alimsogelea, akamshika bega, akamnong'oneza kwa upole wote aliokuwa nao: “Usisikie haya, mama. Ile mafuta niliondoa yote. Inafikaka kwa kila mutu.”

“Aksanti, mama,” alijibu Jolie.

Tazama unyenyekevu huo, aliwaza Namegabe. Akarudi nyumbani ameridhika na nafsi yake, na ridhaa hiyo ikazaa wazo jingine jema. Alikata mche wa sabuni vipande vipande, akavifunga kila kimoja kwa karatasi ya rangi na utepe, akavipanga kwenye kikapu, akaenda kumtembelea Jolie.

Jolie hakuwepo, alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Mama mkwe wake, bibi kizee mwenye macho makali na meno machache, alimkaribisha, akafurahia sabuni, akazinusa moja moja. Chumba kilikuwa kidogo na kimefagiliwa. Namegabe alitafuta pa kutazama ili asionekane anatazama, na macho yake yakaangukia dirishani.

Palipotakiwa kuwa na kioo palikuwa na karatasi. Ilikuwa imepakwa mafuta, na jua la alasiri lilipita ndani yake likaingia chumbani kwa rangi ya asali. Katika mwanga ule walisimama ng'ombe watatu na mchungaji. Mtu alipita nje, kivuli chake kikawafuta, kisha wakarudi walipokuwa, wamesimama vilevile. Walikuwa wamechorwa upande wa nje wa karatasi.

Hapo moyo wa Namegabe ulijua, kabla hata mdomo haujauliza.

“Koko,” alisema, akimwita bibi kama wajukuu wanavyomwita, “hii karatasi mulifanya je?”

“Si ni mafuta ya ng'ombe? Unapaka, unaacha jua inywe, karatasi inakuwa kioo. Jolie ndiye anajua. Hata mule mwa kitabu yenu alifanya vile.” Bibi alionyesha kibuyu kidogo kilichoning'inia ukutani. “Alimaliza yenye ilibaki, ile tulishuka nayo. Nilimwambia, Jolie, acha kidogo ya kupaka watoto. Akasema, koko, hii ni ya nyumba yetu. Uliiona, si ndiyo? Ukiinua kwa mwangaza, watu wanatokea mbele ya mulango. Mwenye kushika fimbo ni Léopold, mutoto wangu. Yeye hakushuka na sisi.”

Namegabe alipaswa kunyamaza. Lakini ulimi ukiingiwa na hofu hukimbilia popote, na wake ulikimbilia pabaya.

“Nilizania ni mafuta ya mandazi.”

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa na ubaya; hakujua lolote kuhusu pasi. “Mandazi! Ee Mungu wangu. Mafuta ya kukaanga tungeipata wapi, mama? Wakati ule tulikuwa tunakula bugali na chumvi.”

Alikutana na Jolie mlangoni, ndoo kichwani. Jolie alitazama ndani, akaviona vile vifurushi vya utepe juu ya kitanda, akamtazama mgeni wake.

“Aksanti kwa sabuni, mama,” alisema, bila kejeli yoyote, na Namegabe akaenda zake karibu kukimbia.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia bibi yule, na ambalo lilimla ndani kuliko mengine yote. Aliijua kazi ile. Kwa masista, alipokuwa msichana, karatasi ya kunakilia ramani haikuwepo, na walikuwa wakipaka mawese kwenye karatasi ya kawaida, wanailaza juu ya atlasi, na mito yote ya Kongo inajitokeza tayari kwa kalamu. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Vidole vyake vilikuwa vimeshika karatasi ya Jolie, vikasikia kile kile vilichosikia darasani, na kichwa chake kikaona mandazi.

Aliona aibu. Aliiona akila, aliiona akifagia, aliiona kanisani wakati wa kupeana amani ambapo Jolie alikuwa mstari wa nyuma na yeye akashindwa kugeuka. Alikumbuka neno lake mwenyewe, “Usisikie haya,” na kila alipolikumbuka alifumba macho hata kama yuko barabarani. Mapazia yake meupe yalimchukiza. Alikiomba kitabu kwa Exaucée akisingizia kukaza kona moja, akajifungia nacho, akalowesha ukingo wa ile karatasi nyeupe ya upande wa nyuma kwa kitambaa chenye maji ili aibandue. Kona iliinuka. Ikainuka na wino: juu ya weupe wa nyuma alikuta mguu mmoja wa mtu na kipande cha fimbo, na kwenye karatasi ya Jolie mahali hapo hapakubaki kitu. Akaacha. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyapiga pasi.

Akamweleza Fortunat. Fortunat alisikiliza, akakuna kidevu, akatoa shauri la karani.

“Si ni wewe utaieleza siku ile? Sema tu: hii ni kazi ya Mama Jolie, ni ziwa, ni amani. Watu watapiga makofi, Jolie atapata heshima mbele ya paroko, na mambo itaisha. Nani ataumia?”

Lilikuwa shauri tamu. Namegabe alilitafuna siku zote zilizobaki. Usiseme alikuwa mwongo, hakuwa. Lakini jina lake lilikuwa mali pekee iliyobaki baada ya duka, na mtaa mzima ungekuwepo, na hakuna mtu anayetaka kujivua nguo mbele ya wanaomwita Mama Sabuni. Zaidi ya hayo, uongo ule ungempa Jolie kitu. Ukweli ungempa nini? Alijiuliza hivyo kwa namna ya mtu anayetaka jibu liwe hakuna.

Maonyesho yalifanyika Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Kitabu kiliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe. Watu walijaa: paroko, walimu, wauza karanga wenyewe walioitwa kwa heshima, Fortunat katika koti lake la arusi za watu. Karatasi baada ya karatasi zilielezwa. Exaucée alipofunua ile ya ziwa, ukumbi uliguna kwa furaha, na makofi yakaanza kabla ya neno lolote.

Namegabe akasimama. Jolie alikuwa safu ya pili na mama mkwe wake, mikono mapajani.

“Hii karatasi,” alisema, “ni ya Mama Jolie.”

Makofi yakaongezeka. Vichwa viligeuka kumtafuta Jolie, mtu akamsukuma bega kidogo ili asimame, na hakusimama. Bibi kizee alinyoosha shingo, akakunja uso, akamwuliza mkwewe jambo sikioni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona imefunikwa. Fortunat alimwashiria mkewe kwa mkono: basi, kaa sasa. Lakini Namegabe alimwona yule bibi akiitafuta nyumba yake kwenye ziwa la watu wengine, na miguu ikakataa kukunjika.

“Hii munaona si yake,” alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. “Yake iko chini. Ilikuwa kilima, na nyumba ya kwao, na watu wake. Ukiinua kwa mwangaza walikuwa wanatokea mbele ya mulango. Alipaka mafuta ya ng'ombe yenye walishuka nayo Masisi, yote. Mimi nilipokea kitabu, nikasikia harufu, nikasema ni uchafu. Nikapiga pasi mpaka mafuta ikaisha. Nikafunika mbele, nikafunika nyuma. Nikamwambia mwenyewe asisikie haya.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, akadhani ni sehemu ya maonyesho, kisha akakoma. Paroko alitazama sakafu. Fortunat alitazama viatu vyake. Namegabe alisikia uso wake wote ukiwaka na hakuwa na mahali pa kuuweka.

Ndipo Jolie aliposimama. Kwa utaratibu wao, mwenye ukurasa hasemi. Exaucée alifungua mdomo kumkumbusha, akaufunga.

“Mama Namegabe,” alisema Jolie, na hakupandisha sauti, “niko na swali moja tu. Kama hii karatasi ingetoka kwa Exaucée, na mafuta yake, na harufu yake, ungeipiga pasi?”

Namegabe alikuwa na majibu mengi. Kulikuwa na mvua siku ile. Kulikuwa na masista, na wageni, na nia njema. Aliyapanga yote mdomoni, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu swali.

“Hapana,” alisema. “Ya Exaucée ningeiinua kwanza kwa mwangaza.”

Jolie aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua siku nyingi, akaketi karibu na mama mkwe wake.